Bip Tatu za Massoudi

Sikuzani hana simu. Mwaka huu wa 2005, hapa Bujumbura, hata mama anayeuza ndizi barabarani ana simu ndani ya kitenge, lakini yeye hana, na ukimpa hapokei. Kule Ruziba alikohamia kwa binamu yake, wengine wanasema ni ushamba, wengine wanasema ni uzee. Uzee gani? Ana miaka arobaini na tisa, na anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Mi Houda, muuza ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani, niliyekaa naye ukuta kwa ukuta maisha yangu yote, nawaambia waache kusema wasichokijua. Simu alikuwa nayo. Na mtaa mzima ulikuwa unainuka kwa simu yake.

Alizaliwa Buyenzi, kwenye nyumba ya matofali ya udongo ambayo mama yake aliijenga kwa kuuza vitumbua. Nyuma ya jiko palikuwa na mpapai, nyuma ya mpapai ukingo, na chini kabisa mto Ntahangwa. Kiangazi unauvuka bila kulowesha magoti. Mvua zikianza, we kaa mbali. Kila mwaka kabla ya mvua mama yake alikuwa anahesabu hatua kutoka mlango wa jiko hadi ukingoni, na alipofariki, Sikuzani akaendelea kuhesabu. Mwaka wa 1993, vita vilipoanza, zilikuwa hatua kumi na saba. Mwaka wa 2002 zilikuwa tisa.

Usiseme ni mto. Mto ulikuwepo tangu zamani na nyumba zilikuwepo. Walikuwa ni wenye malori. Walikuwa wanateremka mtoni kuchota mchanga na mawe ya kujengea, wanachimba hapo hapo chini ya miguu yetu, na ukichimba chini, cha juu kitakaa wapi? Kulikuwa na tangazo la kukataza, limebandikwa ukutani pale njia panda, likapauka kwa jua. Wakati ule watu walikuwa wanahesabu maiti, nani angehesabu lori za mchanga? Sikuzani alikuwa anahesabu, kwa sababu nyumba ile ndiyo mali yake pekee duniani, yeye na cherehani yake. Cherehani alikuwa anaifanyia kazi kwenye baraza la duka moja kule mtaa wa Asiatique, akipunguza suruali za watu, na jioni anairudisha nyumbani.

Sasa nikwambie Massoudi. Massoudi alikuwa fundi wa matairi, kibanda chake kiko karibu na daraja. Alikuja kwetu mwaka wa 1995 akitokea mtaa wa Kamenge, nyumba yake imechomwa, yeye na mke wake na godoro moja. Sikuzani akatoa vitu vyake kwenye chumba cha uani akawaingiza. Walisema ni kwa wiki mbili. Walikaa miaka minane, na hakuna siku niliyomsikia Sikuzani akiuliza wataondoka lini. Mume wa Sikuzani alipofariki, kwa malaria tu, wala si kwa vita, Massoudi ndiye aliyeingia kumuosha. Alikuwa anamwita dada. Na mimi alikuwa ananiita Mama Ndagala, ananitania kwamba akipotea njia atarudi nyumbani kwa kufuata harufu yangu. Nilikuwa nampenda yule mtu. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na ndiyo maana mpaka leo sijamsamehe.

Mwanzoni mwa 2003 ukingo ulidondoka na mpapai ukaenda, zikabaki hatua saba. Jirani yetu Jovithe, mwalimu, Mkristo mpole asiyejua kupandisha sauti, akaenda kwenye siber ya mjini, wanapokodisha intaneti, akaketi kwenye kompyuta, akauliza dunia nzima namna ya kushikilia udongo. Tulimcheka. Baada ya siku nne akarudi na karatasi tatu. Bwana shamba mmoja wa mbali, ambaye hajawahi kusikia jina la Buyenzi, alikuwa amemjibu na kumchorea. Panga mawe kama ngazi, kati ya ngazi na ngazi panda mianzi, mwagilia kiangazi chote, na usiruhusu mtu achimbe chini. Jovithe alitusomea uani kwa Sikuzani, Kifaransa kikigeuka Kiswahili mdomoni mwake, na Sikuzani akasikiliza huku ameshika mkono wa kiti. Alipomaliza, Sikuzani akauliza swali moja tu, mianzi inapatikana wapi.

Ila watu utawaitaje? Kupiga filimbi hauwezi. Miaka ile filimbi ikilia, watu wanajua wauaji wamefika, kila mtu anakimbia na mtoto mgongoni. Kugonga sufuria ni hivyo hivyo. Na watu thelathini wakionekana na majembe bila sababu, askari watauliza ni kundi la nani. Ndipo Sikuzani akasema tutumie bip. Ukingo mzima ulikuwa na simu kumi na mbili, nene, za mitumba, na hakuna aliyekuwa anaongea nazo, kwa sababu kuongea ni kulipa. Tulikuwa tunabipu tu. Simu inalia, unakata, mwenzio anajua unamkumbuka. Basi tukapanga mviringo. Sikuzani anambipu Massoudi, Massoudi ananibipu mimi, mimi namubipu Jovithe, hivyo hivyo mpaka wa kumi na mbili, ambaye anarudisha kwa Sikuzani. Anayeona kitu wa kwanza ndiye anaanzia alipo. Kila mwenye simu ana nyumba zake tano sita za kugongea mlango.

Bip moja, ni kazi, njoo na jembe. Bip mbili, lori limeonekana, njoo na beseni.

Beseni lilikuwa akili ya Sikuzani peke yake. Majembe yanatisha, lakini nani atampiga risasi mwanamke anayefua? Bip mbili zikilia, wanawake tunabeba mabeseni, sabuni na nguo, tunateremka kwenye ile njia nyembamba ya malori, tunatandaza mashuka njia nzima na kuanza kufua. Dereva anapiga honi. Sisi tunafua. Anashuka anatukana. Mi namuuliza, wewe mama yako hafui? Mara nne walikuja kiangazi kile, mara nne walirudi na lori tupu, na shuka langu moja lina alama ya tairi mpaka leo.

Na bip tatu, hiyo ilikuwa ya vita. Funga mlango, lala chini, aliye kazini abaki huko huko. Mwezi wa saba mabomu yalipoanguka mjini, Massoudi akiwa pale darajani ndiye aliyeona wa kwanza watu wanakimbia kutoka kaskazini. Akabipu mara tatu. Watoto wetu walikuwa wanacheza mpira mtoni. Tuliwaingiza wote ndani, na dakika chache baadaye mahali walipokuwa wanacheza palipigwa risasi. Toka siku ile bip tatu za Massoudi hatukuziuliza swali. Ukizisikia unalala chini, basi.

Mpaka mwezi wa tisa tulikuwa na ngazi sita za mawe na mianzi iliyofika kiunoni. Kila nyumba ilikuwa na sehemu yake ya kumwagilia, na kwa vile watu walikuwa wanategeana, Sikuzani alisema kila mtu aweke alama kwenye mawe yake. Massoudi akaleta rangi nyekundu ya mafuta iliyobaki kibandani. Mi nikachora samaki. Jovithe akachora kitabu kinachofanana na mkate. Sikuzani alichora mkasi, jiwe kwa jiwe, anapiga magoti huku Massoudi amemshikia kopo. Jioni akahesabu hatua. Zilikuwa bado saba. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake namba isipungue, na aliingia jikoni akalia kidogo, nikajifanya sikumuona.

Jumatano moja mwishoni mwa mwezi huo, saa nne asubuhi, simu yangu ikalia. Ikakatika. Ikalia. Ikakatika. Ikalia. Jina ni la Massoudi.

Nilitupa ndagala zangu chini na kumubipu Jovithe mara tatu. Mkono huu. Kisha nikagonga milango yangu sita na kujifungia. Sikuzani alikuwa Asiatique, simu ya mwisho ilimfikia huko, akaingia ndani ya duka na mwenye duka akateremsha mlango wa chuma. Ukingo mzima tulilala chini ya vitanda. Tukasikia injini. Malori ya jeshi, nikamwambia mama mkwe wangu, kaa kimya. Yalinguruma kwa saa tatu karibu na nyumba, tukisikia vyuma vinagongana, na mi nilikuwa nasoma Ayatul Kursiy huku nimemfunika yule mzee na mwili wangu.

Hakuna aliyechungulia. Nani angechungulia?

Massoudi mwenyewe ndiye aliyekuja kutufungulia saa nane. Alisema ameona askari wanakimbia darajani na bunduki, kisha wakapotea, na wenye malori, washenzi hawa, wakatumia hofu yetu. Tukateremka. Ngazi za mawe hazikuwepo. Mianzi ilikuwa imelala kwenye tope, mizizi juu. Chini ya jiko la Sikuzani walikuwa wamechimba pango ambalo mtu angeweza kuingia amesimama. Sikuzani alirudi jioni, akasimama kutazama. Massoudi alichukua jembe akaanza kuokota mianzi mmoja mmoja, machozi yanamtoka. Tulimshukuru. Nilimpelekea chakula mimi, kwa mikono yangu, nikamwambia Mungu akulipe kwa kutuangalia.

Mvua zilianza mwezi wa kumi. Mwishoni mwa mwezi Massoudi alihama, akasema vita vinaelekea kuisha, kuta zake mpya za Kamenge zimesimama, bora aende akalale chini ya bati lake. Sikuzani alimshonea mapazia. Siku ya sita baada ya kuhama kwake, mchana, mvua ikiwa imekata na jua linawaka, nyumba ya Sikuzani ilipasuka katikati. Jiko lilienda kwanza, kisha chumba cha uani, kisha ukuta wa mbele ukainama taratibu ukawafuata. Sikuzani alikuwa amesimama kwangu na cherehani, maana tulikuwa tumewahi kuitoa. Aliniambia, "Houda, sasa hakuna cha kuhesabu." Nikamlaza kwangu.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata, Massoudi akatualika. Anafungua nyumba, kuna dua adhuhuri, ukingo mzima uje. Sikuzani alifurahi, wallahi alifurahi. Alisema angalau katika sisi kuna mmoja amepata nyumba. Tukaenda wawili asubuhi mapema kumsaidia mke wake kupika, na sufuria zangu mbili kubwa kichwani.

Nyumba ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Mbele imepigwa plasta laini na rangi ya maziwa. Tukakata vitunguu, tukawasha moto. Nikazunguka nyuma kutafuta maji ya kuosha mchele. Huko nyuma plasta ilikuwa haijafika, mawe ya msingi yako wazi mpaka magotini. Nikainama kwenye ndoo. Nikaona samaki.

Nilidhani ni uchafu. Nikapangusa kwa kitenge. Samaki mwekundu, mkia umekatika kidogo, yule yule niliyemchora mimi nikiwa nimechuchumaa ukingoni kwetu. Kando yake mkasi. Juu yake mkasi mwingine. Na mkate wa Jovithe, kichwa chini. Niliketi palepale kwenye matope. Niliwaza mambo ya kipumbavu, kwamba labda aliyanunua kwa mtu bila kujua. Kisha nikakumbuka nani alikuwa ameshika kopo la rangi.

Nikamwita Sikuzani. Alikuja anafuta mikono. Aliangalia ukuta ule kwa muda, akaweka kiganja juu ya mkasi mmoja, akaanza kuhesabu kwa sauti ndogo. Alifika mkasi wa tisa, Massoudi akatokea kwenye kona, amevaa kanzu mpya, simu mfukoni inaonekana. Alituona.

"Massoudi," Sikuzani alisema, "siku ile uliona askari?"

Angeweza kusema ndiyo. Mi nilikuwa namuombea aseme ndiyo, nipate kumtukana kwa uongo. Alisema, "Apana."

"Hata mmoja?"

"Apana, dada. Muzee wa malori alikuja kibandani. Aliniambia siku moja tu, kisha ananiletea mchanga na mawe ya nyumba yote. Siku moja tu. Mi nilizani watachukua mchanga wa katikati ya mto. Mawe yenu waliyapakia wao wenyewe, sikuwatuma."

"Na ulipoyaona hapa?"

Akaanza kulia, yale yale machozi ya siku ya mianzi, na hapo ndipo nilipotaka kumrushia ndoo. "Dada, miaka munane nalala nyumba ya mutu. We unajua iko namna gani? Ukikohoa unaomba ruhusa. Mutoto wangu akivunja kikombe, moyo unanigonga. Na mi nilitaka mulango wangu."

"Nilikudai nini?" Sikuzani aliuliza.

"Hakuna."

"Ungeniambia unataka mawe, ningekubebea kwa kichwa."

Hakupaza sauti. Mi ndiye niliyepaza. Nilimwambia, ulitulaza chini ya vitanda kama wafu, nilimfunika bibi wa miaka themanini kwa mwili wangu, na wewe uko juu ya daraja unatazama malori. Nilimwambia nilimubipu Jovithe kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo umenitia na mimi ndani ya uchafu wako. Sikuzani alinishika bega, akasema, "Basi, Houda." Akaingiza mkono kwenye kitenge akatoa simu yake.

Alibonyeza. Simu ikalia kwenye kanzu ya Massoudi. Ikalia mara moja, ikakatika.

Sote watatu tulijua maana yake. Njoo na jembe, kuna kazi. Jovithe angefika, na wengine wanane, na nyumba zao nyuma yao, na kila mtu angetafuta jiwe lake kwenye ukuta ule. Au wangefika tukakaa chini tukaambiana ukweli, sijui. Lakini Sikuzani hakumbipu mtu mwingine yeyote. Alimbipu Massoudi kwa sababu ndio ulikuwa mviringo wetu, na baada ya Massoudi nafuata mimi. Alikuwa anamuomba arudishe kitu kimoja tu. Alikuwa amempa nafasi, mbele yangu, aseme kweli kwa njia ile ile aliyosemea uongo.

Nikatoa simu yangu nikaishika mkononi.

Massoudi alitoa ya kwake. Alitazama jina la Sikuzani kwenye kioo, kidole gumba juu ya kitufe. Kule mbele mke wake alikuwa anaita kwamba vitunguu vinaungua. Wageni wa kwanza walikuwa wanaingia uani, tunawasikia wanasifia rangi ya ukuta. Utaniuliza kwa nini mi mwenyewe sikumubipu Jovithe. Niliwahi kumpelekea bip ya uongo ya mtu huyu bila kuuliza. Ile ya kweli nilitaka itoke kwake.

Akairudisha simu mfukoni, akanyoosha kanzu. "Wageni wamefika, dada," alisema.

Sikuzani alitoa betri kwenye simu yake, akaviweka vyote viwili juu ya jiwe lake la mkasi, simu huku na betri huku, akaniambia nichukue sufuria zangu. Tulitoka kwa mlango wa nyuma wa ua. Tulitembea kwa miguu kutoka Kamenge mpaka Buyenzi, na njia nzima nilikuwa nimeshika simu yangu mkononi, mpaka ikaloa jasho. Haikulia.